Taa ya Oili Isiyoshika Sabato

Kolonga, Tongatapu
Jumatatu asubuhi

Kwako Ndugu Msimamizi Halafihi, mtunza mali za kanisa letu,

Amani ya Bwana iwe nawe, na huo mguu wako uliovimba upone upesi. Mimi Losaline Vaipulu, dereva wa gari la kwaya, nakuandikia kwa unyenyekevu na kwa hasira kidogo. Jana ulitangaza mbele ya watu kwamba gari halitoki mpaka ile taa nyekundu ya oili izimike. Keshokutwa kwaya inaimba Nukuʻalofa kwenye mkutano mkuu. Tusipofika, nafasi yetu wanapewa watu wa kijiji cha Niutoua, na wale unajua wanavyojua kucheka. Kwa hiyo naishtaki taa, na mashtaka yangu ni haya:

1. Haishiki Sabato. Siku za kazi naenda dukani na kurudi, yenyewe imelala tu. Jumapili nikizunguka kuwachukua wazee kijiji hadi kijiji, tukikaribia kanisa, inawaka! Hapa kwetu hata kuvua samaki Jumapili ni kosa, lakini taa inafanya kazi mbele ya mchungaji na hakuna anayeikemea.

2. Inashuhudia uongo. Feleti, mtoto wa kaka yangu, ambaye ni fundi, alibadilisha ile sensa iliyochomekwa kwenye injini kupima presha ya oili. Taa ikawaka. Akaleta nyingine kutoka Auckland. Ikawaka. Najua Maandiko yanasema kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu kila neno lithibitike. Lakini hayakusema mashahidi wa chapa moja, walioazimana maneno.

3. Feleti akafungua sensa, akafunga mahali pake geji ya mkono, ile yenye sindano ya kuonyesha presha, tukawasha injini tukangoja. Sindano ikapanda vizuri, kisha ikaanza kushuka, ikashuka mpaka nikaionea huruma. Nikamwambia, "Hiyo sindano imechoka, eti?" Akasema, "Ndiyo, shangazi." Nikasema, "Oili ipo ya kutosha, nimeipima mwenyewe." "Ndiyo, shangazi." "Kwa hiyo gari ni zima." Akatazama chini, akafuta mikono muda mrefu. "Ndiyo, shangazi." Sasa ndugu, fundi mwenyewe amekubali mara tatu. Usiniambie eti mtoto wa kaka hawezi kumpinga shangazi yake. Ni kweli kwamba kwa mila yetu shangazi ni mkubwa, hata kwenye msiba mimi nakaa juu ya mikeka na yeye anachochea moto jikoni, lakini ufundi ni ufundi.

4. Inavunja sauti za waimbaji. Folau, besi wetu, anakaa kiti cha mbele, na taa ikiwaka anapanda mpaka soprano. Juzi alisema, "Mama Losaline, hiyo taa inanitazama kama mchungaji anayejua nilikolala." Wote wakacheka, nikakosa kona, nikaingia shamba la mihogo la shemeji yako. Uharibifu huo uandikwe kwa jina la taa.

5. Hakuna usawa. Folau huyo huyo alipotupa wavu Jumapili, mlimkataza kuimba miezi mitatu. Taa imefanya kosa Jumapili nyingi kuliko Folau, na bado inakaa mbele kabisa, hata mimi dereva niko nyuma yake. Naomba itengwe na ushirika, izibwe kwa utepe mweusi mpaka itubu, na gari liruhusiwe kutoka Jumatano.

Nisalimie mama watoto, mkweo, na wote wa nyumbani, pamoja na yule nguruwe wenu mkubwa, ambaye natumaini hajaambiwa habari za karamu ya mkutano.

Ni mimi dada yako katika shamba la Bwana,
Losaline Vaipulu

Tanbihi. Nilipomaliza kuandika, nilimwita Feleti aizibe taa. Akainama, kisha akasema, "Hapana, shangazi. Nipige ukitaka, lakini hapana. Bibi Pisila na wazee wenzake watakuwa humo." Nilikaa chini. Akaingia mvunguni, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Kichujio kilichomo kilikuwa kimevaa blanketi la nyuzi za makumbi. Ndugu, mimi simimini oili hivi hivi. Huichuja kwanza kwa makumbi ya nazi, kama mama alivyonifundisha kuchuja tui, ili injini inywe kitu safi. Feleti anasema safari ikiwa ndefu nyuzi zinavutwa na kuziba kichujio, ukizima zinashuka, ndiyo maana dukani nilikuwa nafika bila taa kuwaka. Barabara ya Nukuʻalofa injini ingekufa, na sisi sijui.

Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa nimekwisha kuiombea. Gari lisitoke. Ila Jumatano asubuhi utuletee lori lako jipya, kwaya nzima itakuwa imesimama langoni. Na likihitaji oili, usiniite.