Muhogo wa Mpangaji Wangu

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Kasongo.
Mimi Bulaimu, mwenye nyumba. Nikiandika hivyo mgongo unanyooka wenyewe. Nyumba ya kupangisha, mabati juu, mpangaji ndani: Mama Dieudonnée, muuza mandazi. Kweli, mimi na mke wangu Mwamvita tunalala ng'ambo ya ua chini ya majani, na majani yanavuja. Lakini mabati niliyaweka panapoonekana na watu.

Leo nimepata akili. Nyuma ya nyumba yake ni pori tupu. Nimemwamuru alime, la sivyo atoke. Mwamvita akauliza kama hiyo ni haki: mutu analipa, anafagia ua wetu, anatuchotea maji, sasa na jembe? Nikamjibu haki yake ni kupata mwenye nyumba kama mimi.

Jumamosi, 6 Septemba
Pamelimwa, panang'aa! Mama Dieudonnée akaomba apande kitu kidogo, maadam ametoa jasho. Nimemruhusu mbele ya majirani, kwa sauti. Ukarimu wangu umesikika hadi msikitini.

Jumanne, 23 Septemba
Bahati imekuja kwa pikipiki. Zéphirin, mfanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila, anataka nyumba ileile. Garanti yake, ile pesa ya kuingilia nyumba, itatosha mabati ya kwetu kabla mvua haijakaza. Nimemwambia Mama Dieudonnée ahame kabla ya Ijumaa. Hakubisha. Alisema tu atatoka akishavuna. Nikacheka. Avune nini?

Nimekwenda nyuma kutazama. Muhogo. Pori lote limekuwa muhogo.

Jumatano, 24 Septemba
Tumefika kwa shefu wa mtaa. Nimesema vizuri sana, mwenyewe nilijisikiliza kwa raha. Shefu akauliza nani aliruhusu kupanda. Majirani wote wakanitazama. Basi akakata shauri: mwenye muhogo ardhini hafukuzwi, atakaa hadi avune. Na muhogo huchukua mwaka na zaidi! Zéphirin akawasha pikipiki, akaenda zake.

Jioni mvua. Godoro letu likalowa. Mama Dieudonnée ametukaribisha sebuleni kwake, chini ya mabati yangu, na mandazi ya moto. Niliona haya, kidogo. Halafu nikakumbuka nyumba ni yangu, nikaongeza andazi.

Ijumaa, 26 Septemba
Bado tuko kwake. Amesema tukae hadi paa letu lipone, ila ua tufagie sisi. Nimefagia, lakini kwa heshima.

Na nikiwa na ufagio mkononi, akili ikaja. Kumbe tatizo ni muhogo tu! Nimepatana naye mbele ya shefu: yeye ang'oe muhogo wote, mimi namruhusu apande kitu kingine chochote. Amekubali haraka ajabu. Shefu alikohoa sana.

Mchana amerudi na miche ya michikichi, ile ya mawese, baiskeli nzima. Mwamvita ameniuliza kama najua mchikichi unavunwa kwa miaka mingapi. Nimemjibu mambo ya shamba ni ya wapangaji. Mimi ni mwenye nyumba.