Gitaa na Nusu Kichwa cha Bwana Harusi

Chanzo ni gazeti. Mimi hulilaumu gazeti mpaka leo, maana kama Spoku asingejua kusoma, ile Ijumaa tungekunywa kahawa yetu kwa amani.

"Sikilizeni hii!" Spoku alitikisa gazeti. Huyu ni fundi baiskeli, husoma kwa sauti hata matangazo ya viwanja. "'Gitaa la umeme: lirekebishe mwenyewe nyumbani. Huhitaji fundi.'"

Bi Sindano alisimamisha miguu kwenye cherehani yake ya kukanyaga. "Huhitaji fundi? Wiki ijayo wataandika jishonee mwenyewe. Wiki ya pili yake, jizike mwenyewe."

"Jinyoe mwenyewe walishaandika," alisema Kinyozi kutoka mlangoni. "Nikawapata wateja watatu siku hiyo hiyo, wote wanatia huruma."

Baraza tunalokaa ni la Kinyozi, sisi wengine tumejipachika tu. Spoku na baiskeli zake upande wa jua, Bi Sindano kivulini, mimi mshona viatu kwenye ngazi. Pembeni, nyuma ya kimeza kidogo, hukaa Mzee Saa, fundi wa saa, kioo kimembana jichoni. Mzee Saa husema mara tatu kwa siku, mara mbili kati ya hizo ni salamu.

Ndani, kwenye kiti, alikuwepo bwana harusi wa kesho. Anamwoa binti wa mwisho wa Mzee Saa. Alifika saa mbili asubuhi, na sasa upande wa kulia umeshaisha, wa kushoto bado msitu.

"Fundi, kichwa changu," alisema kwa adabu.

"Nakuja," Kinyozi alimjibu, akabaki mlangoni na mashine yake mpya inanguruma mkononi. Waya wake unafika mlangoni tu. Ungekuwa mrefu zaidi angehamia barabarani.

Hapo ndipo akatokea Solo, gitaa begani, kispika chake kwapani, uso umemshuka. Solo amemwoa binti mkubwa wa Mzee Saa, na chumba chao kimepakana ukuta na chumba cha Kinyozi. Miaka sita baba mkwe analiita lile gitaa "ubao". Hajawahi hata kulisikiliza. Mwezi uliopita tu, baada ya binti wa mwisho kulia siku mbili, mzee akakubali: Solo atampigia bi harusi muziki wa kuingilia.

"Jamani, nimekwisha," alisema Solo. "Jana jioni lilikuwa zima. Leo tangu asubuhi linavuma. Sikieni."

Akachomeka. Kispika kikatoa mvumo mzito, mrefu, usiokoma. Akapiga nyuzi, muziki ulikuwepo, lakini kwa mbali sana.

"Hilo lina pumu," nilisema.

Mzee Saa hakuinua kichwa. "Kesho likivuma hivyo, tutafungulia redio. Na ule ubao nisiuone tena kwangu."

Solo aliinamia gitaa. "Sawa, baba."

Nilimhurumia. Mtu unaweza kukataliwa na watu wengi, lakini kukataliwa na baba mkwe mbele ya fundi baiskeli ni adhabu.

"Usiogope, dawa iko hapa!" Spoku alipiga gazeti kofi. "'Ndani ya shingo ya gitaa mna chuma kirefu. Kwa ufunguo wake unaweza kukikaza ama kukilegeza. Tahadhari! Kabla hujagusa chochote, endelea ukurasa wa kumi na nne.'"

Akapekua. Kumi na mbili. Kumi na tano.

"Kumi na nne haipo."

"Basi tusubiri," alisema Solo.

"Tusubiri nini? Tahadhari ni za watu wasiojua kazi!" Alishachukua ufunguo kwenye sanduku lake la baiskeli. "Shingo hii imepinda, nani haoni? Mimi ringi nanyoosha nikiwa nimefumba macho. Hiki chuma ni spoku ya gurudumu iliyonenepa tu."

"Polepole, kaka."

"Niite daktari."

Akakaza. Akafumba jicho moja, akatazama, akakaza tena, mpaka shingo ikanyooka kama rula. Solo akapiga. Mvumo uko pale pale, ila sasa na nyuzi nazo zilikuwa zinagongagonga vyuma vya shingo, kri kri kri.

"Umeliongezea ugonjwa!" alisema Bi Sindano.

"Limeanza kupona. Mgonjwa akipona huongea."

"Lete hapa. Hamwoni nyuzi zinapwaya? Hii ni nguo imemzidi mtu." Alivuta futi yake shingoni, akapima urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao, akatikisa kichwa kama anavyomtikisia mteja aliyeongezeka kiuno. "Napunguza kidogo huku chini."

Akazishusha, skrubu moja baada ya nyingine. Solo akapiga. Kri kri ikawa krrr.

"Imembana," nilisema.

"Itaachia akishaizoea."

"Bi Sindano, hili halivaliwi!" Solo alilia.

"Samahani," bwana harusi alisema ndani. "Mimi naona kila mashine ikija karibu na sikio..."

"Bwana harusi hana kauli leo," Kinyozi alimkata. "Kauli utapewa kesho, ya neno moja. Solo, dawa ni hivi visumaku chini ya nyuzi. Viko mbali, havisikii. Mtu asiyesikia si unamsogelea?" Akavipandisha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mashine. Mvumo ukapanda, nyuzi zikaanza kulia sauti za ajabu, kila moja kivyake.

Na mimi, sitaficha, nilipaka nta. Nyuzi za viatu bila nta hazifanyi kazi, nikaona hizi nazo zimekosa mtu wa kuzijali. Solo alipopiga safari ile, gitaa lilitoa sauti ya kiatu kilicholowa.

Solo alikaa chini kwenye ngazi, karibu yangu, akalilaza gitaa mapajani.

"Miaka sita," alisema taratibu. "Miaka sita nasubiri mzee anisikilize dakika tatu. Dakika tatu tu. Sasa nitamwambia nini?"

Spoku alikunja gazeti kwa umakini asio nao.

Kiti cha Mzee Saa kililia. Mzee alikuwa amesimama, na mkononi ameshika kijikaratasi kimejaa mwandiko mdogo.

"Spoku," alisema. "Umekaza mzunguko mmoja na robo. Bi Sindano, skrubu sita, nusu nusu, isipokuwa ya mwisho uliyopitiliza kwa sababu ulikuwa unagombana. Kinyozi, mizunguko mitatu kila upande. Wewe wa nta, futa nta yako."

Nilifuta.

"Mzee, ulikuwa unahesabu?" Spoku alishangaa.

"Mimi saa naifungua nikihesabu. Nisipohesabu, siwezi kuirudisha."

Akachukua bisibisi yake ndogo na ufunguo wa Spoku, akaanza kurudisha kila kitu kinyumenyume: visumaku kwanza, kisha skrubu, kisha chuma cha shingo, robo kwa robo, akipumzika kila robo. Solo alimshikia shingo ya gitaa kwa mikono miwili. Nadhani hawajawahi kukaa karibu vile.

"Piga."

Solo akapiga. Kri kri imekwisha, nyuzi safi. Mvumo upo.

"Limerudi lilivyokuja," alisema Mzee Saa. "Ugonjwa wa asubuhi siujui. Huo ulikuwa ukurasa wa kumi na nne." Na akamgeukia Bi Sindano. "Jana nilikuona na mkasi na gazeti."

Bi Sindano alijishika mdomo. Akafungua mtoto wa meza, akatoa mkono wa gauni la bi harusi uliokatwa kwenye gazeti, kielelezo cha kukatia kitambaa. Akaugeuza, akasoma akifuata mviringo wa bega:

"'Gitaa likivuma, usiguse skrubu yoyote. Zima kwanza vifaa vya umeme vilivyo karibu, hasa mashine za ku...' Hapa nimekata kwapa."

"Za ku nini?" Solo aliruka.

"Kushona!" Spoku alimnyooshea kidole.

"Yangu ya miguu, mjinga wewe!"

"Kusaga?"

"Kufulia?"

"KUNYOLEA!" Bwana harusi alisimama na shuka lake shingoni, nusu kichwa kinang'aa. "Kunyolea! Nawaambia tangu saa tatu! Mashine ikija sikioni, gitaa linanguruma ng'ambo ya ukuta!"

Tulimtazama Kinyozi. Kinyozi aliitazama mashine mkononi mwake, ikinguruma kama ilivyonguruma asubuhi nzima. Akaizima.

Mvumo ukakatika.

Solo alipiga. Jamani. Sijui muziki, mimi ni mtu wa soli na visigino, lakini nilisahau sindano mkononi. Ulikuwa ule wa kuingilia, wa taratibu, unaopanda ngazi mojamoja. Mzee Saa alisikiliza amesimama. Dakika tatu zilipita, nadhani na zaidi, na safari hii hakuhesabu. Alitoa kioo jichoni akakifuta, wakati hakikuwa na vumbi.

"Rudia pale katikati," alisema. "Pale ulikimbia."

"Ndiyo, baba!"

Kinyozi naye akawasha mashine amalize kazi yake. Mvumo ukarudi palepale. Mzee Saa akanyanyua mkono.

"Zima hiyo. Mwanangu anafanya mazoezi."

"Baba," bwana harusi alisema, akipapasa upande wa kushoto. "Na kichwa changu?"

Mzee Saa alishakaa, kioo jichoni, anatafuta saa aliyoiacha.

"Kofia zipo," alisema.