Pezi la Kulia

Jumanne, 4 Machi
Nimeshindwa tena. Na nani? Shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno! Boti yangu ya rimoti ikinyooka ni risasi. Ikifika kwenye boya la kona, inateleza pembeni kama sabuni bafuni. Yake inapinda imejishika. Anadai siri ni pezi: kibati kinachofungwa ubavuni, karibu na nyuma, king'ate maji. Bwawani tunazunguka kuelekea kulia, basi pezi nalo likae kulia. Nikamwambia sifundishwi fizikia na mng'oa magego. Neno likazaa neno. Tumewekeana dau: mbio Jumapili, na atakayeshindwa afunge mdomo mwezi mzima kwenye chakula cha familia. Mimi! Kinywa pekee chenye hoja katika ukoo ule!

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia simu fundi bati. Nataka pezi la kulia, nikasema. Akauliza: la kulia? Nikamfokea: la kulia, ndiyo, Kiswahili kimekupitia wapi? Akasema haya bosi, yasiwe makubwa. Watu wanataka msimamo tu.

Ijumaa, 7 Machi
Msiba! Kibati kimefinyangwa kama kijiko. Kina hata mpini! Fundi anasema kitu cha kulia ni cha kulia chakula. Aliuliza, akatukanwa, akajua wasomi ndivyo tunavyokula. Ningeweza kukubali kosa. Thubutu! Papo hapo nikatangaza kwamba nilikusudia: pezi bapa limepitwa na wakati. Mke wangu akanisihi nijaribu pezi hilo kwanza hata kwenye karai. Nikamjibu ukweli haujaribiwi kwenye karai. Akauliza mchuzi utachotwa upande gani.

Jumapili, 9 Machi
Nilitangulia hadi kona ya kwanza! Pezi likazama, likachota, likarusha. Maji yote yakamshukia mama mkwe ukingoni, kilemba kipya na yeye mwenyewe. Boti ikakata kona. Ikaikata tena. Ikalizunguka boya kama mbuzi aliyefungwa kamba, huku Shemeji akimaliza mbio, akizima rimoti, akileta kiti aangalie vizuri. Nikakata rufaa: ugomvi wetu ulikuwa kona, na nani leo kakata kona nyingi kuliko mimi? Mwamuzi, karani mstaafu wa posta, akasema barua inayozunguka ndani ya posta haijafika. Mama mkwe, akikamua kilemba, akasema hiyo ndiyo haki.

Jumapili, 16 Machi
Mlo wa kwanza wa ukimya. Shemeji, kwa makusudi, akasema nyangumi ni samaki. Nikameza mate. Akarudia, polepole. Nikauma kitambaa cha meza. Mama mkwe akasema hajawahi kunisikia nikizungumza vizuri namna hii. Kisha Shemeji akanihurumia, akaeleza: pezi liwe bapa, ukingo wa mbele unolewe, liinamishwe kidogo kuelekea boti, lijaribiwe kabla ya mbio. Upuuzi mtupu! Tatizo lilikuwa udogo wa kijiko. Nafunga upawa. Nikachukua karatasi ya kufutia mikono, nikaandika: marudiano, dau mwaka mzima. Mke wangu akaisoma kwa sauti. Meza nzima ikasimama, ikapiga makofi. Mama mkwe akanikumbatia.
Hatimaye familia imeanza kuniunga mkono.