Majani ya Ijuganyondo Sakafuni Kwangu

Ndugu zangu wa barazani Tanga, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya wakwe, na kanzu nyeupe mwilini! Nawaandikia jioni hii hii, kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo. (Atakayewasomea wenzake barua hii kwa sauti, namwomba aruke pale ninapoanguka. Mtapaona wenyewe.)

Yupo binti hapa Bukoba anaitwa Hadija. Baba yake ni Mzee Twaha, mnunuzi wa kahawa, Mhaya Mwislamu, mtu wa msikitini asiyecheka ovyo. Majuzi alikuja kupimwa kanzu pale kibarazani kwa Mhindi ninaposhonea. Nikiwa nyuma ya mabega yake na pini mdomoni, nikaona hapa hapa. Nikatoa posa. Na pini mdomoni! Mzee hakugeuka. Akasema:

"Wewe hapa huna baba wala mjomba. Nitamuuliza nani habari zako? Basi nitaiuliza nyumba yako. Ijumaa, tukitoka msikitini, tutakuja mimi na mama yake. Jiandae. Mama yake ana pua."

Nikamchoma pini kwa furaha. Akavumilia. Nikajua hapa kuna matumaini.

Shida ilikuwa hiyo pua. Vyumba vyangu vya mtaa wa Kashai, kabla yangu, alikaa mchuuzi wa samaki wakavu. Mwenyewe kahama, samaki wamebaki ukutani. Mvua ikinyesha (na huku inanyesha kila ikikumbuka), chumba kizima kinarudi ziwani. Mimi nilikwisha zoea. Lakini mke anaingiaje humo? Na mama mkwe mwenye pua?

Nikajitia ujuzi. Nikaenda dukani nikanunua ile dawa nyeusi ya chupa, ile ukiitia maji inageuka maziwa. Muuzaji akaniapia kwamba hata ofisini kwa Bwana Shauri ndiyo inayosugulia sakafu. Chupa iliandikwa kijiko kimoja kwa ndoo. Mimi nikamimina chupa nzima, kwa sababu samaki walikuwa wengi. Jamani! Macho yakatiririka. Paka wa jirani, aliyekuwa akija kila siku kuwatafuta wale samaki, alifika mlangoni akapiga chafya, akaondoka na hajarudi mpaka leo.

Mwenye nyumba wangu ni mama mmoja wa Kilutheri, Ma Koku, anayemenya ndizi huku akiimba nyimbo za kanisani. Akaacha wimbo katikati. Akaja na kisu chake mkononi.

"Fundi, nani kafa humu?"

"Hakuna aliyekufa, Ma Koku. Nasafisha nyumba, nina wageni wa posa."

"Ai bojo! Posa ndani ya hospitali?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Sikiliza, mwanangu. Nyumba hainukishwi kwa chupa. Mwaga majivu sakafuni yanywe hiyo dawa, halafu fagia. Meza na rafu sugua kwa ndimu. Choma mujaja kwenye kaa la moto, moshi wake upite kila pembe. Ukimaliza hayo, tandika majani mabichi chini, kama tunavyofanya sisi. Mgeni akikanyaga, nyumba inanukia yenyewe."

Mujaja ni kijani chao kimoja wanachotia kwenye chai, ndugu zangu, kina harufu ambayo hata ninyi mngeoga mara mbili kuifuata. Nikafanya kama nilivyoambiwa. Majivu yalikunywa dawa kweli. Ndimu zikatakatisha rafu mpaka nikaona rangi yake, kumbe ilikuwa ya mti mwekundu! Masufuria nikayasugua kwa majivu na ganda la ndimu mpaka nikauona uso wangu. (Nikatabasamu. Nikaona kweli nafaa kuoa.) Moshi wa mujaja ukapita. Samaki wakasalimu amri. Nyumba ikatulia, ikawa nyumba.

Yakabaki majani tu. Na hapo ndipo ulipo mkosi wangu.

Jana alasiri nikapanda baiskeli kwenda upande wa Ijuganyondo kukata majani. Mimi na panga hatujawahi kuelewana, nanyi mnajua. Nikawa napita taratibu nikiomba nikutane na majani yaliyokwisha katwa. Mara, kando ya migomba, nikaona lundo! Majani marefu, laini, mabichi, yamelowana kidogo, na yananukia. Si harufu ya majani tu. Yananukia utamu, utamu wa ndizi mbivu iliyopasuka juani. Nikasimama nikavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Nikasema moyoni, hawa watu wa Kagera wamejaliwa, hata majani yao yana manukato.

Karibu na lile lundo palikuwa na mtumbwi. Mtumbwi kabisa, mti mzima uliochongwa, umefunikwa majani ya mgomba, uko katikati ya shamba. Nikashangaa. Ziwa liko mbali, mtumbwi umefuata nini migombani? Lakini mimi ni mtu mwenye adabu, nikiwa ugenini siulizi ulizi. (Ningeuliza, ndugu zangu! Ningeuliza tu!)

Kando ya mtumbwi mzee mmoja alikuwa anaosha miguu, kakunja suruali mpaka magotini. Jina lake nimelijua leo, Ta Rwegasira.

"Shikamoo, mzee. Majani haya mnayatupa?"

"Marahaba, waitu. Tunayatupa. Ni ya ng'ombe wako?"

"Ya kutandika tu, mzee."

"Chukua. Chukua yote!"

Mzee mkarimu kweli! Nikashindilia magunia mawili nyuma ya baiskeli, nikarudi Kashai napiga kengele. Ma Koku hakuwapo, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikatandika chumba cha mbele mwenyewe, nene kama godoro. Halafu, ili ile harufu tamu isipotee bure nje, nikafunga madirisha yote. Nikaziba na ufa wa chini ya mlango kwa kitambaa. Fundi ni fundi.

Asubuhi nilipoamka niliona harufu imekua kidogo. Imekomaa, nikajiambia, kama udi. Kulikuwa na vijinzi vidogo vidogo, na nyuki wawili wakizunguka kwenye tundu la ufunguo. Nikafurahi! Nyuki hafuati uvundo, anafuata maua. Nikavaa kanzu mpya niliyoishona mwenyewe, ndefu, nyeupe, ya darizi ya hariri kifuani. Nikafunga mlango, nikaenda kazini, halafu msikitini. Jua lilipanda likakaa juu ya bati langu likiendelea na kazi yake.

Tulipotoka msikitini tukaongozana: Mzee Twaha mbele, mimi nyuma yake, na mama yake Hadija ametukuta njiani, amejitanda kanga, pua yake imetulia kama mtu anayejua thamani ya kitu chake. Tulipokaribia nyumbani nikaona watu watatu wamekaa kibarazani kwangu. Kila mmoja ana kibuyu. Kila mmoja ana mrija. Mmoja wao nikamtambua, yule mzee wa miguu.

"Kasinge, waitu!" Ta Rwegasira akainuka kunisalimu kwa heshima zote. "Tumekungoja sana. Inanukia mpaka barabarani!"

Ndugu zangu, mimi nikavimba. Nikamgeukia mama mkwe.

"Umesikia, mama? Wapita njia wenyewe wanasifu."

"Mirija ya nini?" akauliza mama.

Nikadhani ni desturi. Nikavua viatu, nikatoa kile kitambaa, nikafungua mlango kwa mikono miwili kama mtu anayefungua zawadi.

Nyumba ikanipumulia usoni. Sina neno jingine. Joto, uchachu, utamu, na nyuki. Si nyuki wawili, jamaa wote na wajukuu! Harufu ile hata mimi mtoto wa chuo cha Kurani niliitambua papo hapo, maana nimepita nje ya vilabu. Pombe! Nyumba yangu inanuka pombe! Nikasema niingie haraka nifungue dirisha. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili, majani yakateleza kama yamepakwa sabuni, miguu ikaenda Muleba, kichwa kikabaki Kashai. Nikakaa chini puu! Nikainuka, nikakaa tena. Kanzu ya hariri kifuani ikanyonya yote yaliyokuwa sakafuni. (Hapa ndipo pa kuruka. Najua hamkuruka.)

Kibarazani wale watu wa mirija wakashusha vibuyu kwa huruma. Mama mkwe alikuwa amejiziba uso kwa kanga.

"Baba Hadija, hii ni nyumba au ni kilabu?"

Mimi chini pale nikajua yamekwisha. Sikuwaza kanzu, wala nyuki mmoja aliyekuwa akinipanda shingoni. Nilimwaza Hadija tu, jinsi atakavyosimuliwa habari zangu leo usiku, na roho ikaniuma mno.

Mzee Twaha alikuwa amesimama mlangoni. Akavuta pumzi, ndefu. Akafumba macho. Akavuta nyingine. Akainama akaokota jani moja, akalisugua kwa vidole, akalipeleka puani. Halafu, polepole, kwa sauti ya mtu anayekumbuka mbali, akasema:

"Haijaiva hii rubisi. Ingengoja mpaka kesho jioni."

Rubisi ndiyo pombe yao ya ndizi, ndugu zangu.

Kanga ikashuka usoni kwa mama. "Baba Hadija. Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba haijaiva."

"Mtu yeyote anajua."

"Mimi sijui. Fundi hajui, mtazame alivyokaa. Wewe umejuaje?"

Mzee akalitupa jani. Nilimwona jasho likimtoka. "Nimekulia Muleba, mama. Migomba ilikuwa mpaka mlangoni. Mtoto anaona mambo."

"Anaona. Ananusa na siku ya kuiva?"

"Mzee huyu ni bingwa!" akadakia Ta Rwegasira kwa dhati kabisa. "Mimi mwenyewe nimeikamua jana, na hesabu yake ni hiyo hiyo, kesho jioni!"

Hapo ndipo ukweli wote ukatoka. Ta Rwegasira akaeleza kwamba yale ni majani ya kukamulia ndizi: unayachanganya na ndizi mbivu, unakanyaga kwa miguu, maji ya ndizi yanatoka, majani yanatupwa. Kwamba ule mtumbwi wangu ni chombo cha kuivishia pombe. (Mtumbwi! Nikajificha uso kwa mikono, mikono nayo inanata.) Kwamba aliponipa alidhani ni ya kutandikia zizi. Na kwamba leo alipopita Kashai na wenzake, kibuyu begani, wakasikia harufu, wakasema kumbe yule mgeni ameanza biashara, basi tumuunge mkono.

Ma Koku naye akatokea na kapu lake kichwani. Akachungulia ndani. Akaniona. "Fundi! Ya kukamulia? Na hukuyaanika? Na umefunga madirisha?" Akalitua kapu, maana asingeweza kucheka na kapu kichwani.

Mama yake Hadija alijikaza. Nilimwona anajikaza. Mdomo ukamchezacheza, mabega yakaanza, halafu kikamtoka kicheko ambacho sikukitegemea kwa mtu wa heshima kama yule, kikubwa, cha machozi. Akaegemea mlango. Ma Koku akamwegemea yeye. Watu wa mirija wakafuata. Mwisho Mzee Twaha mwenyewe, nusu kwa kicheko, nusu kwa kushukuru kwamba mambo ya Muleba yamepita.

"Basi si mlevi," mama akasema akifuta macho. "Ni mjinga tu. Mjinga anafundishika."

Wakanivuta nje. Ta Rwegasira na wenzake wakazoa majani yote kwa mikono yao, wakafungua madirisha, upepo wa ziwa ukapita ndani. Mama akaingia kukagua. Akapitisha kidole kwenye rafu, akakinusa: ndimu. Akainua sufuria, akajitazama. Akanusa pembe moja, akanusa ya pili. Mimi nje nikahesabu pumzi zake.

"Mkono anao," akamwambia mumewe. "Pua ndiyo hana. Pua Hadija anayo, kairithi." Akamtupia jicho. "Sijui sasa ni kwa nani."

Ndugu zangu, posa imekubaliwa! Nimeruka nikiwa bado nanata!

Wakati wa kuagana Mzee Twaha akanivuta kando, akanishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu," ananiita mwanangu! "Watu wakiuliza ni nani aliyejua kwamba haijaiva, ni wewe. Tumeelewana?" Tumeelewana. Kwa hiyo sasa Kashai nzima inasema fundi mpya anatambua siku ya kuiva kwa pua. Nimempata Hadija, nimepoteza jina. Sijutii hata kidogo.

Jitayarisheni kwa safari, harusi haiko mbali, na huku mkiona mtumbwi migombani msiulize mbele za watu. Nawaomba msicheke. Na kama hamwezi kujizuia, fungeni madirisha kwanza. Hapana! Fungueni! Yote, na mlango pia!

Ni mimi mwenzenu, Fundi Salimu, nafua kanzu mara ya tatu na nyuki bado wanaifuata kambani.