Uzinduzi wa Kidole cha Mashine, Viwanja Sitini

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo ni mimi. Waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma makoti yenu yakae kwenye viti. Masheikh wetu, mapadre wetu. Wenyeviti wa vijiji kutoka Chita hadi Mngeta. Wafanyabiashara wa hapa Viwanja Sitini mliofunga maduka kwa hiari baada ya kuambiwa mfunge. Stekihoda, yaani wadau wote, wa mnyororo wa thamani wa mpunga. Na ninyi wananchi mliokubali kukaa juani ili turubai liwatoshe viongozi: mimi, Injinia Maximilian, ingawa uinjinia wenyewe bado uko kwenye mchakato, Kaimu Mratibu wa Aplikesheni ya Kombaini, nawasalimu. (Makofi kutoka chini ya turubai.)

Ndugu wananchi, zamani mkulima aliyetaka kombaini imvunie mpunga alikwenda kwa karani wetu Dionisi, akaandikwa kwenye daftari, na kombaini ikaja. Utaratibu huo ulikuwa umepitwa na wakati, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi bila mfumo. Ndiyo maana mwezi wa tatu nililifunga daftari, Dionisi nikampeleka semina, na nikaelekeza maombi yote yapitie kwenye aplikesheni ya simu, ambayo kabla ya kuwafikia ninyi ni lazima ipimwe kisasa, yaani isipimwe na mtu mwenye kidole cha tope bali na kompyuta inayobonyeza yenyewe kila kitufe cha skrini, ikitazama kinachotokea na kuandika "sawa" au "kosa", bila chai, bila likizo na bila kwenda msibani. (Kicheko. Sauti: "Huyo ndiye mtumishi!")

Takwimu zinaongea. Tumeandika majaribio elfu nne mia mbili na kumi na mawili, kitufe cha Omba Kombaini peke yake kina majaribio mia tisa, na tangu tuwashe mtambo, makosa yaliyoonekana ni sifuri. Nimewauliza wenzetu wa nchi zilizoendelea, hakuna hata mmoja aliyewahi kuipata sifuri hiyo, na hapo ndipo nilipojua kwamba uongozi wangu, ambao sipendi kuusifia, ni wa viwango vya kimataifa. Dashibodi yetu, yaani skrini inayoonyesha matokeo, ni ya kijani kuliko majaruba yenu ya mpunga ya mwezi wa pili. (Turubai linashangilia. Mama Kandida, mkulima wa Mngeta, anasimama: "Shikamoo, mheshimiwa. Nina ekari tatu, mpunga umekauka mpaka unapukutika, na ndege wanamalizia. Hiyo aplikesheni naipata wapi nijiandikishe?")

Marahaba, mama. Swali zuri sana, na kwa uzuri wake nitalijibu kwa ujumla. Aplikesheni ni suala moja, na upatikanaji wa aplikesheni ni suala mtambuka linalohitaji kikao, na kikao kinahitaji akidi. (Mama Kandida, bado amesimama: "Simu ninayo hapa, baba. Nibonyezee tu." Watu wa juani wanapiga makofi kwa mara ya kwanza.) Mama akae, tafadhali, asije akatuharibia ratiba ya uzinduzi.

Sasa tupaze sauti kwa pamoja. Kidole kikibonyeza! (Turubai: "Kombaini inaitika!") Kidole kikibonyeza! (Turubai peke yake: "Kombaini inaitika!")

Kwa kumalizia, nawashukuru wataalamu waliotushauri kwamba majaribio yaandikwe kwanza na aplikesheni ifuate, ushauri ambao tumeutekeleza kwa asilimia mia katika ile nusu yake ya kwanza. Na ndiyo sababu kidole chetu hakijakuta kosa, kwani hakijakuta kitu. Namshukuru fundi aliyechora skrini nzuri mnayoiona kwenye bango nyuma yangu, maana kwa sasa aplikesheni ndiyo hiyo tu. Na kwa moyo wa pekee nawashukuru ndugu zetu wa wilaya ya jirani, walioipokea kombaini yetu Jumatatu, baada ya dashibodi kuthibitisha kwamba msimu huu hakuna mkulima hata mmoja wa bonde hili aliyeiomba. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama Kandida ameshatoka. Majirani zake watano wanamfuata, wanaulizana nani ana mundu wa akiba.)