Njia Isiyo na Rivasi

Jumatatu, 4 Mei

Habari kubwa. Kiongozi wa klabu yetu ya kwadi, zile pikipiki za matairi manne, amejiuzulu. Mgongo. Daktari wake alimwambia achague kati ya kwadi na kutembea, naye baada ya kufikiri wiki nzima amechagua kutembea. Kiti kiko wazi.

Tunaokitaka ni wawili. Mimi, fundi wa mapazia, mwanachama tangu klabu ilipoanzishwa. Na Daktari wa Meno, aliyejiunga juzijuzi, ambaye glavu zake hazijawahi kuonja tope. Yeye aliongoza safari ya Jumamosi iliyopita. Jumamosi hii ni zamu yangu. Jumapili wanachama wananyoosha mikono, yamekwisha.

Niseme ukweli, maana humu hanisikii mtu. Miaka yote hii mimi hupangwa mkiani. Kila msafara, mkiani. Nakula vumbi la klabu nzima mpaka nikirudi nyumbani mke wangu ananikung'uta mlangoni kama mkeka. Nataka mara moja tu maishani niwe mbele na wengine wale vumbi langu. Sitaki kingine.

Kuna kikwazo kidogo. Sijui kurudi rivasi nikiwa na tela.

Kwenda mbele na tela ni bingwa. Kila mmoja wetu huvuta kwadi yake kwenye tela hadi msituni, anaishusha, ndipo raha inapoanza. Lakini barabara za kule ni nyembamba, na kiongozi asiyejua kurudi nyuma si kiongozi. Mpaka leo nimeponea chupuchupu. Nafika wa mwisho, nasema nina simu ya mteja, wenzangu wakishapotelea mitini nalifungua tela na kuligeuza kwa mikono. Hakuna anayejua siri hii isipokuwa mke wangu. Na kwa hiyo mama yake.

Jumanne, 5 Mei

Mazoezi. Uwanja mdogo nyuma ya duka langu, baada ya kufunga.

Nimechanganyikiwa. Ukikata usukani kushoto huku unarudi nyuma, gari linakwenda kushoto. Hilo hata mtoto anajua. Lakini tela linakwenda kulia. Kwa nini? Limefungwa kwenye pikapu yangu, linatembea kwa mafuta yangu, halafu lina mawazo yake.

Nikamwomba mke wangu asimame nyuma aniongoze. Akasema kushoto. Nikakata kushoto, tela likaenda kulia. Nikajiambia, basi akisema kushoto nitakata kulia. Kumbe mke wangu naye, kwa huruma, alikuwa amewaza hivyohivyo, akaanza kusema kulia kila alipotaka kushoto ili asinichoshe akili. Hatukuambiana. Kisha akakumbuka kwamba amesimama akinitazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwangu, akageuka na kunipa mgongo. Tangu hapo alikuwa akiniongoza kuelekea kitu asichokiona.

Kitu hicho kilikuwa pipa la taka la jirani mwenye duka la viatu. Alitoka akauliza kwa upole kama nina ugomvi naye. Nikamwambia hapana, ni tela. Akauliza kama tela lina ugomvi naye. Nikamwambia nitaliuliza.

Jumatano, 6 Mei

Njia ya kisayansi. Nilifunga utepe mwekundu wa pazia upande wa kushoto wa usukani na wa kijani upande wa kulia. Kwenye tela nikafunga kinyume chake, kijani kushoto na nyekundu kulia. Nikitaka tela liende kwenye nyekundu, nakata usukani kuelekea nyekundu. Rahisi! Nilijisifu, na sikuona haya.

Kisha nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Kijani ilikuwa upande wa kijani. Au kioo kinageuza? Nikatoka kuhakikisha. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Mteja aliyekuja kuchukua mapazia yake ya sebuleni alinikuta nimekaa kwenye kiti cha dereva kinyumenyume, nimekumbatia kiegemeo. Akasema atakuja siku nyingine.

Usiku nikajaribu mezani kwa kiberiti na biskuti. Kiberiti gari, biskuti tela. Nilivyosukuma kwa kidole, biskuti iliingia kati ya vikombe viwili bila kugusa popote. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nasi wiki hii, alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama binti yake, kisha akaila biskuti.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepata! Sijui kwa nini nilikuwa nahangaika na usukani wakati ugonjwa uko barabarani. Kama njia haina mahali pa kurudi nyuma, nani atajua kwamba sijui kurudi nyuma?

Nimekaa na picha za msitu zilizopigwa kutoka angani. Nimechora njia ya duara. Tunaingia na matela yetu kwenye kiwanda cha mbao, tunapita katikati ya msitu, tunatokea kwenye machimbo ya kokoto, tunashusha kwadi kwenye uwanja mpana kama furaha yangu. Kuna barabara moja imenyooka kabisa, inakata msitu kama pindo la pazia, na hakuna anayeijua isipokuwa mimi. Kata kulia mara nne tu. Nyuma hata mara moja hakuna.

Nikawatumia wanachama. Daktari wa Meno akauliza kama kuna aliyekwenda kuikagua hiyo barabara. Nikajibu imekaguliwa. Na kweli nimeikagua, kwa miwani.

Mke wangu akasema kesho twende pamoja tukaione kwa macho. Nikamwambia kesho nina dirisha la watu. Mama mkwe akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamhakikishia kwamba yangu ni kilomita kumi na nne.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepanga foleni ya magari. Mimi mbele. Daktari wa Meno nyuma ya wote, mkiani kabisa, kwenye nafasi yangu ya miaka yote. Nilimweleza kwamba mkia unahitaji mtu makini. Akashukuru kwa kuaminiwa. Nilikaribia kumhurumia, lakini ikapita.

Nimeosha pikapu. Mke wangu ameniuliza naoshea nini na kesho ni vumbi. Nimemwambia vumbi la kesho halinihusu mimi.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa na kidole kimoja kilichofungwa bendeji. Nitaeleza.

Asubuhi ilikuwa njema. Ilikuwa njema sana. Tuliingia kwenye kiwanda cha mbao, nikakata kulia, nikatazama kwenye kioo, nikaona wingu la vumbi, na ndani ya wingu taa za wenzangu zikinifuata. Machozi yalinitoka, siyafichi. Mke wangu, aliyekaa pembeni yangu, alidhani ni mzio.

Kulia ya pili, sawa. Kulia ya tatu, tukaingia kwenye ile barabara yangu iliyonyooka. Mtaro huku, mtaro kule, miti imebana pande zote, gari moja tu linapita na kioo chake kikikwaruzwa. Mke wangu akauliza mbona hakuna alama ya tairi hata moja. Nikamwambia ndiyo raha yake, ni mpya.

Kisha barabara ikaisha. Haikupinda wala haikugawanyika. Iliisha kwenye ua wa nyumba, na katikati ya ua bibi mmoja alikuwa anaanika mashuka.

Bibi akauliza kama sisi ndio watu wa maji, maana amewasubiri tangu mwaka jana. Nikamwambia sisi tunakwenda machimboni. Akacheka mpaka akashika kamba ya nguo. Akaeleza kwamba huu mstari ni wa bomba. Watu wa maji walifyeka msitu wakalaza bomba hadi machimboni, na baada ya nyumba yake bomba linaingia korongoni. Bomba linaweza. Akanishauri nisijaribu.

Nyuma yangu, magari yote ya klabu, kila moja na tela lake na kwadi yake, yamesimama pua kwa mkia. Hapakuwa na mahali pa kugeuza hata baiskeli.

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipokoma kabisa. Ikabidi kila mtu arudi rivasi hadi kwenye barabara kubwa. Anayeanza ni aliye nyuma. Aliye nyuma ni Daktari wa Meno. Akaondoka na tela lake taratibu, limenyooka, mkono mmoja nje ya dirisha, na wengine wote wakamfuata mmoja mmoja wakirudi nyuma. Nikatazama jambo hili likitendeka mbele ya macho yangu, au nyuma ya macho yangu, sielewi. Yeye niliyemweka mkiani alikuwa anaongoza. Mimi niliyekuwa mbele nilikuwa mkia tena. Na vumbi likanijia mimi! Walikuwa wanaondoka, lakini upepo ulikuwa unavuma huku kwangu.

Nikabaki na mke wangu, bibi na mashuka. Nikajaribu. Kushoto. Hapana, kulia. Nyekundu. Tela likajikunja kama kisu, likaingia kwenye kamba, likatoka limevaa shuka. Nikajaribu kulifungua ili niligeuze kwa mikono kama kawaida yangu, nikasahau kwamba kwadi bado iko juu na ua umeinama. Hapo ndipo kidole.

Baada ya muda Daktari wa Meno akarudi kwa miguu, kilomita nzima, anapiga mluzi. Hakunicheka. Ningependa anicheke. Aliomba funguo, akamwambia mke wangu, shemeji, panda tu twende, akalitoa tela langu akirudi nyuma huku akimuuliza habari za gego lake la chini. Mimi sikuona vizuri, maana bibi alikuwa ameniletea beseni na sabuni. Nilifua mashuka mawili na foronya, kwa mkono mmoja.

Jumapili, 10 Mei

Kura. Mikono ya Daktari wa Meno ilikuwa mingi. Wa kwangu ulikuwa mmoja, wenye bendeji. Mke wangu naye aliinua mkono wakati wa Daktari, lakini nadhani alikuwa anaomba maji.

Kiongozi wa zamani alinishika bega akasema uongozi si kukaa mbele. Sikumwelewa. Basi ni kukaa wapi?

Nyumbani sikula. Nililala mchana nimevaa viatu. Inaniuma, sitaki kudanganya. Mama mkwe aliniletea chai mwenyewe, akaiweka pamoja na biskuti, na hilo liliniuma zaidi.

Jumanne, 12 Mei

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri, na sasa naona kila kitu peupe.

Kosa langu halikuwa tela. Halikuwa bomba wala usukani. Kosa langu lilikuwa kukaa mbele! Daktari wa Meno alishinda kwa sababu alikuwa nyuma njia ilipoisha. Aliye mkiani ndiye anayewaokoa watu. Mtu yeyote angeliona hili, lakini hakuna aliyeliona.

Nimempigia simu kiongozi mpya, nimempongeza kwa moyo mkunjufu, nimemwomba Jumamosi anirudishe mahali pangu mkiani. Aliguswa. Alisema huo ndio ukomavu. Kisha nikampendekezea njia, nzuri ajabu, kupitia nyuma ya mashamba ya miwa. Sikumwambia kwamba inaishia mtoni na daraja halipo. Safari hii nimekwenda kuhakikisha kwa macho yangu mwenyewe.

Watafika mtoni. Watakwama wote, yeye akiwa wa kwanza kukwama. Hawatakuwa na pa kugeukia. Wote watanitazama mimi, niliye nyuma kabisa, kwamba nianze kurudi rivasi niwatoe.

Mke wangu ameniuliza swali moja ambalo sijalielewa vizuri. Nimemwambia aache kukatisha watu tamaa, leo ni Jumanne tu.