Zamu ya Kufa Sebuleni Kwangu

Shemeji yangu Mtia-Maneno,

Salamu kwanza, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikusudia kukuandikia mwanangu mdogo alipoanza kuota meno. Sasa ananing'ata nayo, na hapa naandika kwa mkono mmoja.

Ni kuhusu filamu za kigeni unazozitia Kiswahili huko studio, ambazo kaka yako na watoto, wako na wangu, huziangalia kwangu kila Jumamosi. Nilipokupigia simu ulinijibu, "Shemeji, hayo ni maneno ya filamu tu, hayamng'ati mtu." Nimekusikia. Ila malalamiko yangu ni haya:

1. Mwizi akiwa mweupe, unamwita "kijana aliyeteleza". Akiwa mweusi ni "jitu lile jeusi". Tena jitu lenyewe huuawa kabla sijamaliza kukunja nepi, nami sipati kujua liliiba nini.

2. Daktari mwanamke katika filamu moja alikuwa anapasua moyo wa mtu, akaambiwa, "Tulia, mrembo, waachie wanaume." Kaka yako akaipenda sentensi hiyo. Bomba la jikoni lilipopasuka akaniambia vilevile. Nikatulia. Maji yalipofika chini ya kitanda, mrembo alikuwa bado ametulia.

3. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Filamu ikiisha, wanao na binti yangu kifungua mimba huiigiza. Yeye hupewa kuwa mtumishi, au wa kufa mwanzo. Alipoomba ukuu wa polisi, mwanao mkubwa alimwambia msichana hawezi, tena mweusi hivyo, na asiyeamini amuulize baba, ndiye anayeandika. Mwanao huyo na binti yangu, shemeji, rangi yao ni kama sahani za seti moja. Juzi nimemkuta binti yangu peke yake chumbani anajizoeza kuanguka. Anataka walau asifiwe kwa kufa vizuri.

Sikufoka. Nikawaza, kama maneno hayang'ati, si tugawane sawasawa? Basi naomba filamu zijazo bosi mwanamume aulizwe watoto kamwachia nani. Profesa mweupe asifiwe kwamba, pamoja na weupe wake, anajieleza vizuri. Na jenerali, katikati ya vita, aambiwe akikasirika anapendeza. Yasipotutosha sote, nitumie matusi ya akiba kwenye mfuko, nitayagawa mwenyewe hapa nyumbani. Zamu ya kufa nayo nimeipanga na kuibandika mlangoni. Wanao ndio wanaoanza, kisha kaka yako.

Nisalimie mkeo, mama mkwe, na mlinzi wa hapo studio.

Ni mimi shemeji yako, mwenye heshima nyingi na usingizi mwingi zaidi,

Mama wa Marehemu wa Kila Jumamosi

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga. Wanao wamempiga binti yangu risasi kama kawaida, naye amekataa kufa. Amekaa kwenye kochi, akawaambia, "Aliyeandika hivyo hakuniuliza. Naandika upya." Sasa yeye ni mkuu wa polisi, na ni daktari pia. Mwanao mkubwa ni mtumishi. Anadeki sebule huku akinung'unika kwamba hajapewa neno hata moja la kusema. Binti yangu kamwambia avumilie, anamwandikia. Kwa hiyo matusi usitume, na ile zamu nimeibandua. Ninachohitaji bado ni penseli, kichongeo, karatasi za ofisini kwenu zilizoandikwa upande mmoja, na tambara la pili la kudekia, la kaka yako.